Mzio wa penisilini usiandikwe kwa kukisia

Mwaka 1884, katika chumba cha maiti cha hospitali mojawapo ya Berlin, daktari kutoka Denmark, Hans Christian Gram, alikuwa akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Alitia rangi ya zambarau, akafuatisha iodini, kisha akasuuza kwa spiriti. Baadhi ya bakteria waliishika ile zambarau, wengine ikawatoka yote. Hadi leo maabara zetu huwagawa bakteria kwa jina lake: Gram chanya wanaoishika rangi hiyo na Gram hasi wasioishika.

Kinachowatofautisha ni ukuta. Gram chanya wana ukuta mnene. Wa Gram hasi ni mwembamba, lakini nje yake upo utando wa pili unaozuia dawa nyingi kupenya. Penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta huo, bakteria akapasuka. Ndiyo maana huwamaliza streptokoka wa koo, walio Gram chanya, ilhali penisilini ya asili haifui dafu kwa E. koli wa njia ya mkojo, aliye Gram hasi. Amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, ilitengenezwa ili iwafikie pia baadhi ya Gram hasi. Virusi vya mafua havina ukuta wowote, na bado watu wananunua kapsuli za rangi mbili kila wanapopiga chafya!

Seli za binadamu nazo hazina ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo penisilini ni salama kwa wengi mno. Hatari yake kubwa ni mzio, na hapo ndipo tunapokosea sana. Nchini Marekani, takriban mtu 1 kati ya 10 ameandikiwa kwamba ana mzio wa penisilini. Wakipimwa, zaidi ya 9 kati ya 10 hukutwa wanaweza kuitumia. Mara nyingi mtoto alikuwa na homa ya virusi, akapewa amoksilini, vipele vilivyoletwa na virusi vikahesabiwa kuwa vya dawa. Wengine waliharisha tu, na kuharisha si mzio. Hata wenye mzio wa kweli wa ghafla, karibu 80% huwa umewaisha baada ya miaka 10.

Mzio wa ghafla hauna mzaha: ndani ya dakika chache au saa moja ngozi huwasha na kuvimba, ulimi hujaa, kifua hubana, presha hushuka. Huyo anahitaji sindano ya adrenalini pajani papo hapo. Na aliyewahi kubabuka ngozi na kutoka vidonda mdomoni na machoni asirudishiwe dawa hiyo kamwe.

Kukisia kuna gharama. Mgonjwa hupewa dawa za akiba, ambazo huongeza usugu wa vimelea. Mjamzito mwenye kaswende ndiye anayeniumiza moyo zaidi, kwa sababu hakuna dawa nyingine zaidi ya penisilini iliyothibitika kumtibu mtoto aliye tumboni. Akiwa na mzio kweli, hulazimika kuzoeshwa penisilini hospitalini kwa dozi ndogo zinazopandishwa polepole.

Msomaji, ukiulizwa kuhusu mzio, usiishie kusema unao. Eleza ilikuwa dawa gani, ulikuwa na umri gani, ilichukua muda gani, ulipatwa na nini, na kama umewahi kumeza amoksilini tangu hapo. Na usijipime nyumbani. Kipimo hicho hufanywa mahali penye daktari na adrenalini mkononi.