Mbuga ya Kilombero na Wanyama Wake

Katika Tanzania, mkoani Morogoro, iko mbuga kubwa iitwayo Kilombero. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, na upande wa pili vilima vya Mahenge. Mito mingi hushuka kutoka milimani na kuingia katika mto Kilombero. Nao hukutana na mto Luwegu, ndipo uanzapo mto Rufiji.

Mtu afikaye huko mwezi wa Oktoba huona nyasi kavu, udongo mweusi uliopasuka, na vidimbwi vichache. Husema moyoni, "Nchi hii ni tupu, yafaa kulimwa yote." Lakini akirudi mwezi wa Aprili, hataitambua. Mto umefurika, na pale alipopita kwa miguu, wavuvi wapita kwa mitumbwi.

Maji hayo si hasara. Huleta udongo mpya wenye rutuba, nao ndio uustawishao mpunga wa Kilombero. Tena kambare hutoka mtoni, huingia katika nyasi zilizofunikwa na maji, na kutaga mayai humo. Samaki wadogo hukua katika maji hayo machache, kisha maji yakipungua hurudi mtoni. Basi mtu akijenga tuta refu ili maji yasiingie katika nyasi hizo, amewafungia samaki mahali pa kuzalia. Na mvuvi aliye mbali hatajua kwa nini nyavu zake hutoka tupu.

Mnyama mashuhuri wa huko ni sheshe. Yeye ni wa jamaa ya kuro, ila ni mdogo kuliko kuro, na rangi yake ni ya dhahabu yenye wekundu. Dume ana pembe, jike hana. Zamani wataalamu walikadiria kwamba robo tatu hivi ya sheshe wote wa dunia walikaa Kilombero. Tangu wakati huo wamepungua sana, wala sababu si wawindaji peke yao. Wakati wa kiangazi sheshe hushuka katikati ya mbuga kutafuta majani mabichi. Masika yanapokuja, maji huwasukuma kidogo kidogo hata ukingoni, katika ukanda mwembamba ulio kati ya mbuga na misitu ya miombo. Nao ukanda huo ndio autakao mkulima kwa shamba lake, na mfugaji kwa ng'ombe zake, maana hauzami sana. Shamba likikaa hapo, sheshe ana maji mbele yake na jembe nyuma yake. Katikati ya mbuga paweza kuachwa bila kuguswa, wala pasimfae kitu miezi ile.

Katika matete ya kandokando ya mto hukaa kwera wa Kilombero, ndege asiyejulikana kwa wataalamu mpaka miaka ya 1980, wala haonekani katika nchi nyingine yoyote.

Mwaka 1971, katika mji wa Ramsar, Iran, mataifa yalipatana kuzitunza nchi zenye maji kama hii. Tanzania iliitia Kilombero katika orodha hiyo mwaka 2002, eneo la kilomita za mraba 7,967. Lakini jina katika orodha halizuii jembe. Kwa maoni yangu, apimaye mipaka ya mashamba huko angeipima masika, si kiangazi.

Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilianza kupanda mitiki bondeni. Ilikuwa na hekta 28,000 hivi, lakini mitiki ilipandwa katika hekta 8,000 hivi tu. Nyingi zilizobaki ziliachwa kuwa msitu wa asili, ili tembo na nyati wapate njia kati ya mbuga na vilima. Si kila mahali bondeni palipoachwa nafasi kama hiyo. Mashamba yaliposhikana, tembo hupita usiku ndani ya mpunga, na wenye mashamba hukesha wakipiga madebe.