Maua ya lesi: Yanapamba ua, lakini utomvu wake si wa kuchezea

BILA shaka umewahi kuyaona, hata kama hukujua yanaitwaje. Ni yale maua meupe, madogo mno, yaliyokusanyika kwa mamia juu ya kikonyo kimoja hadi yakafanana na mwavuli. Ukiyatazama kwa mbali utadhani ni kitambaa cha kiti kilichofumwa kwa krosheti kisha kikaanikwa juu ya majani.

Wauza maua wa City Market, jijini Nairobi, huchomeka maua ya namna hii katikati ya waridi ili shada lijae. Bibi arusi huyabeba, na wafiwa huyaweka juu ya kaburi. Na kwa kuwa ni ya kujazia tu, hakuna anayeuliza habari zake.

Leo tuulize. Mmea wenyewe ni ammi, na jamaa zake umewala mara nyingi. Karoti, dania, pasli, shamari na jira wote ni wa ukoo huo mmoja. Waingereza hupenda kuchanganya ammi na mmea mwingine unaoitwa lesi ya Malkia Anne, ambao kwa kweli ni karoti mwitu. Tofauti ni kwamba karoti mwitu huchukua misimu miwili: wa kwanza hutoa majani na mzizi, wa pili ndipo huchanua. Ammi humaliza maisha yake yote katika msimu mmoja. Huota, hukua, huchanua, hutoa mbegu na kufa. Kwa anayekaa nyumba ya kupanga na hajui mwakani atakuwa mtaa gani, hilo ni jambo kubwa.

Ziko ammi za aina mbili utakazopata. Ya kwanza, ammi majus, ina maua meupe pepe na majani mepesi, na hurefuka hata kufikia mita moja na zaidi. Ya pili, ammi visnaga, ina majani membamba kama ya shamari, shina nene, na mwavuli mzito wenye rangi ya kijani kidogo kabla haujawa mweupe. Ukiniuliza mimi, ya pili ndiyo bora kwa nyumbani. Haianguki upesi na hudumu zaidi ndani ya chombo.

Kama mbegu za ammi zimekushinda kupata, usikate tamaa. Nunua dania nzima dukani, ile ya kupikia pilau, iponde kidogo ili kila punje igawanyike mara mbili, kisha uimwage kwenye udongo. Wengi wetu hung'oa dania ikiwa bado majani. Iache. Baada ya wiki kadhaa itarefuka na kutoa maua meupe yenye waridi kwa mbali, ya namna hiyo hiyo ya lesi. Yatakufunza kazi bila gharama, na kachumbari yako haitakosa kitu.

Sasa tushike jembe. Kosa linaloua ammi nyingi ni kuzisia kwenye kitalu kisha kuzihamisha kama sukuma wiki. Ammi ina mzizi mmoja mrefu ushukao chini moja kwa moja, sawa na karoti, na mzizi huo ukikatika mche hudumaa. Sia mbegu pale pale utakapotaka mmea ukae. Kama huna budi kuhamisha, fanya hivyo mche ungali na majani mawili matatu, na uutoe pamoja na udongo wake wote.

Chagua mahali panapopata jua kwa angalau saa sita. Lima kina cha jembe, vunja madongoa, ondoa mawe. Mbolea ya samadi iwe imeoza vizuri na iwe kidogo, kwani mmea ukishiba kupita kiasi hurefuka ovyo, ukatoa majani mengi na kulala chini mvua ya kwanza inapopiga. Chora vifereji vyenye kina cha nusu sentimita, nyunyiza mbegu, funika kwa udongo mwembamba na umwagilie kwa kopo lenye matundu. Zitachipuka baada ya wiki moja hadi tatu. Mbegu hizi hupenda ubaridi, kiasi cha nyuzi 18 hadi 20, kwa hivyo wakazi wa Nairobi, Limuru, Nakuru na Eldoret wana bahati. Wasomaji wetu wa Mombasa na Malindi watapata taabu, ila wanaweza kujaribu kati ya Juni na Agosti, joto linapopungua, mahali penye kivuli cha mchana.

Usifurike maji. Miche michanga ikilowa kila siku hushikwa na kinyausi, shina linaoza pale linapokutana na udongo na mche unalala kama uliokatwa kwa wembe. Ikifika urefu wa kidole, ing'olee hadi ibaki umbali wa sentimita 25 au 30. Najua inauma kung'oa mche ulioutunza mwenyewe. Ng'oa. Miche iliyosongamana hutoa maua kama ya mgonjwa.

Wenye ghorofa na roshani wasijione wametengwa. Debe la lita 20 lililotobolewa chini linatosha mimea miwili au mitatu. Kopo fupi la kimbo halifai, kwa sababu ya ule mzizi.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Uingereza havitakuambia, kwa kuwa huko si shida. Ammi ni mmea unaosubiri mchana urefuke ndipo uchanue. Ulaya, mchana wa kiangazi hupita saa 16. Sisi tulio karibu na ikweta tuna mchana wa saa 12 mwaka mzima. Ndiyo maana baadhi ya mashamba ya maua humu nchini huwasha taa usiku: si kwa ajili ya walinzi, bali ni kuudanganya mmea udhani jua halijatua. Nyumbani huhitaji gharama hiyo. Mmea ulio karibu na taa ya mlangoni huenda ukawatangulia wenzake, nao wengine watakuja kwa wakati wao. Hesabu miezi mitatu tangu kusia, na zaidi ya hapo katika baridi ya Juni na Julai. Anayetaka maua ya Krismasi na asie Septemba, akimwagilia kwa mkono hadi mvua za vuli zifike.

Mmea ukifika magotini, weka fito nne kwenye pembe za tuta na uzungushe kamba, kisha kamba nyingine juu yake baada ya majuma mawili. Ukingoja mpaka uanguke ndipo uutegemeze, utabaki umepinda.

Wadudu si wengi. Vidukari hujazana chini ya mwavuli, lakini usikimbilie dawa. Maua haya huwavutia nyuki, nzi wanaofanana na nyuki, na vile vidudu vyekundu vya madoa meusi ambavyo chakula chao ni hao hao vidukari. Wenye vitunguu na kabichi karibu watafaidika pia.

Sasa lile lililonifanya nichukue kalamu. Utomvu wa ammi, hasa ammi majus, una kemikali ziitwazo furanokumarini. Ukikugusa ukiwa ndani ya nyumba hutahisi chochote. Ukitoka nao juani, mwanga wa jua huziamsha, na ngozi inaungua. Huoni siku hiyo. Kesho au kesho kutwa ngozi inakuwa nyekundu, inawasha, kisha malengelenge yanatokea, na yakipona huacha alama nyeusi inayoweza kukaa wiki au miezi. Mama huona mikono ya mtoto na kushuku maji ya moto, au hata kumshuku yaya, kumbe mtoto alikuwa akivunja vijiti vya maua acheze navyo adhuhuri.

Kwa hivyo vaa glavu na mikono mirefu unapokata au kung'oa, na uifanye kazi hiyo jioni. Watoto wasifanye mirija ya kupulizia kwa mashina yake. Utomvu ukikugusa, osha kwa sabuni na maji mengi mara moja, na ufunike mahali hapo pasipate jua kwa siku mbili. Malengelenge yakitokea usiyapasue; nenda zahanati na umweleze daktari ni mmea gani. Mabaki nayo usiwatupie mifugo. Ng'ombe, kondoo na bata waliokula ammi wamewahi kuunguzwa na jua vivyo hivyo.

Ajabu ni kwamba sumu hiyo hiyo imekuwa dawa. Wamisri walitumia ammi majus tangu kale kutibu mbalanga, na mwaka wa 1948 daktari wa ngozi wa Cairo, Abdel Monem El Mofty, alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa mbalanga kwa mmea huo. Kutoka hapo yakazaliwa matibabu ya dawa pamoja na mwanga maalumu yanayotolewa hospitalini hadi leo. Naye daktari Roger Altounyan, mzaliwa wa Aleppo huko Syria aliyekuwa akiugua pumu, alijijaribia mwenyewe kemikali zilizotokana na ammi visnaga akiwa Uingereza. Mwaka wa 1965 ikapatikana dawa ya kuzuia pumu. Kabla ya hayo yote Wamisri walikuwa wakikausha vikonyo vya mwavuli huo na kuchokoa meno, jambo wanaloendelea nalo.

Msomaji mwenye mbalanga, nakusihi usisome hayo ukaenda kujipaka utomvu. Hospitalini kipimo huhesabiwa na mwanga hupimwa kwa sekunde. Uani kwako hakuna kipimo. Kuna kuungua tu. Wala usiokote mmea wa porini kwa kuwa unafanana na ammi. Ukoo huu una mmea wa sumu ambao ndio Wayunani walimnywesha Socrates mwaka wa 399 kabla ya Kristo, na maua yake ni lesi nyeupe vile vile.

Ukitaka maua ya mezani, kata asubuhi na mapema kabla ya jua kali, pale sehemu kubwa ya mwavuli imefunguka. Ukikata ungali umejikunja utanyauka jioni hiyo. Ondoa majani yote yatakayozama, na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili, kwani huchafuka upesi. Yatadumu wiki moja au zaidi.

Bakisha miavuli miwili mitatu isikatwe. Ikigeuka kahawia, ikate siku kavu, iweke ndani ya mfuko wa karatasi, kichwa chini, na uuning'inize mahali pasipo unyevu. Mbegu zitadondoka zenyewe. Andika tarehe juu ya mfuko na uzisie msimu unaofuata, maana zikikaa miaka mingi nyingi hazioti. Zilizodondoka udongoni zitachipua bila kuombwa, hivyo usishangae kuikuta ammi katikati ya sukuma wiki mvua zikianza. Ing'oe ingali ndogo, na usisahau glavu.