Njia za akiba katika mitandao ya kompyuta: funzo la hospitali ya Boston

Leo tunakitazama kifaa ambacho wengi hawakioni, ingawa benki, viwanja vya ndege na hospitali hukitegemea mchana na usiku. Kifaa hicho ni swichi ya mtandao.

Swichi ni kisanduku chenye milango mingi ya kuchomekea nyaya. Kompyuta inapotuma ujumbe, swichi husoma anwani ya anayepelekewa na kuupitisha katika mlango unaostahili. Isipomjua mpokeaji, huupeleka ujumbe huo katika milango mingine yote.

Waya mmoja ukikatika, mawasiliano hukoma. Kwa sababu hiyo wahandisi huziunganisha swichi kwa njia zaidi ya moja. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba hii ina hatari yake: njia mbili hufanya duara, na ujumbe uliokusudiwa watu wote huzunguka humo bila kikomo, ukizaa nakala baada ya nakala, hadi mtandao mzima ukasongwa.

Mwaka 1985 Radia Perlman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, alibuni dawa ya tatizo hilo. Swichi hupeana habari, huchagua moja miongoni mwao kuwa shina, kisha huzifunga njia za ziada. Mtandao hubaki kama mti: matawi ni mengi, lakini kati ya tawi moja na jingine ipo njia moja tu. Njia hiyo ikikatika, ile iliyofungwa hufunguliwa.

Hata hivyo, mti huo una kimo chake. Kanuni za awali zilishauri kwamba ujumbe usivuke zaidi ya swichi saba kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Novemba mwaka 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ilionja matokeo ya kuupita mpaka huo. Mtandao wake ulikuwa umekua kidogo kidogo, kipande juu ya kipande. Programu ya mtafiti mmoja ilipoujaza data nyingi mno, swichi zilielemewa, na mtandao ukawa unasimama na kuanguka tena kwa muda wa siku nne. Madaktari na wauguzi walirejea kwenye kalamu na karatasi, na majibu ya maabara yakabebwa kwa miguu kutoka wodi hadi wodi. Hospitali ililazimika kuujenga mtandao wake upya.

Je, maafa ya namna hiyo huzuiwaje?

Njia ya kwanza ni kuugawa mtandao mkubwa katika sehemu ndogo, na kuzipa swichi za katikati kazi ya kuelekeza safari za data baina ya sehemu hizo. Kila pakiti ya data inayoelekezwa hivyo hubeba hesabu inayopungua katika kila kituo. Ikifikia sifuri, pakiti hutupwa. Hivyo hata duara likitokea, pakiti haizunguki milele, na tatizo la sehemu moja halienei kwa wepesi hadi nyingine.

Njia ya pili ni kuchuja. Msimamizi huandika orodha ya masharti: nani aruhusiwe, kwenda wapi, na kwa huduma gani. Swichi huisoma orodha kuanzia juu kwenda chini, na sharti la kwanza linalolingana ndilo linalotumika. Kwa hiyo mpangilio ni muhimu: katazo la jumla likitangulia, ruhusa zilizo chini yake huwa hazina kazi. Swichi nyingi pia huweza kuwekewa kiwango cha juu cha data kwa kila mlango, ili kompyuta moja isiwanyime wengine nafasi.

Jambo la mwisho halihitaji umeme. Njia ya akiba ambayo haijawahi kujaribiwa haipaswi kutegemewa. Ni busara kuuchomoa waya mmoja kwa makusudi, saa ambayo kazi ni chache, na kutazama kama mawasiliano yanaendelea. Na kwa hospitali, fomu za karatasi zibaki kabatini, na wafanyakazi wajue kuzitumia.