Balbu Isiyopiga Picha

Ndani ya flashi ya studio kuna taa mbili. Moja ni mrija wa kioo uliopindwa kama pete, unaotoa mwanga mkali kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Huo ndio unaopiga picha. Ya pili ni balbu iliyokaa katikati ya pete hiyo. Inawaka muda wote mteja akiwa amekaa, lakini kamera ikipangwa sawasawa mwanga wake hauachi alama yoyote kwenye picha. Wenye studio wengi hutoa fedha nyingi kwa ajili ya taa ya kwanza, na ya pili hawaikumbuki mpaka iungue. Ikiungua, mtu anakwenda duka la vifaa vya umeme na kurudi na balbu yoyote inayoingia kwenye holda.

Kwa studio ya fremu moja mahali kama Sitalike, kijiji kilicho kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kilomita 35 hivi kutoka Mpanda mjini, uzembe huo una gharama. Kazi ya balbu hii ya mwongozo ni kumwonyesha mpiga picha, kabla hajabonyeza kitufe, kivuli kitaangukia wapi. Studio za zamani hazikuwa na shida ya kutokuona kivuli mapema. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio pale Unguja mwaka 1930, flashi ya kielektroniki ilikuwa bado haijaingia studio. Harold Edgerton alianza majaribio yake kule MIT, Marekani, karibu na wakati huo huo. Studio zilitegemea mwanga wa mchana na taa zinazowaka mfululizo, kwa hiyo alichokiona mpiga picha kwa macho ndicho kilichotoka kwenye karatasi. Flashi ilipokuja ilileta nguvu kubwa, ikaondoa uwezo huo wa kuona mapema. Balbu ya mwongozo ndiyo iliyourudisha.

Chukua mzee aliyekuja kupiga picha ya ukumbusho na kofia yake kichwani. Taa ikiwa juu mno, kivuli cha kofia kinashuka hadi kwenye nyusi na macho yanazama. Ikishushwa kidogo, nukta ya mwanga inatokea kwenye mboni na uso unapata uhai. Ngozi nyeusi nayo ina tabia yake: umbo la uso linajionyesha zaidi kwenye mng'ao wa paji, shavu na mgongo wa pua kuliko kwenye kivuli. Mng'ao huo huhama kila taa inaposogezwa hata shubiri moja, na bila balbu ya mwongozo mpiga picha anabaki kubahatisha. Kwa picha za pasipoti, balbu hiyo hiyo humwonyesha kivuli cha kichwa kilichoangukia ukutani nyuma ya mteja, kile kinachofanya picha ikataliwe.

Basi inunuliwe ipi? Wengi huanza na wati, lakini ni afadhali kuanza na umeme wenyewe.

Umeme wa Tanzania ni volti 230. Flashi iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani au Kanada huweza kuja na balbu ya volti 120, na hiyo ikichomekwa hapa inaungua papo hapo. Flashi yenyewe pia isiwashwe kabla ya kusoma kibandiko chake. Kuna pia suala la umeme mdogo, jambo ambalo wakazi wa Mpanda wanalifahamu vizuri, maana kwa miaka mingi mji huo uliwashwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO. Volti zikishuka kwa asilimia 10, balbu ya halojeni hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake na kuwa ya manjano zaidi. Zikipanda kwa asilimia 5 tu, maisha ya balbu hupungua kwa karibu nusu. Stabilaiza hapa si anasa.

Kwa anayetumia sola, hesabu ni kali zaidi. Flashi nyingi za bei ya kati, kama Godox SK300II, hutumia balbu ya wati 150. Taa mbili za aina hiyo zikiwaka saa tatu zinakula uniti 0.9. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina uniti 1.2 kwenye karatasi, lakini betri ya risasi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, kwa hiyo inabaki 0.6. Maana yake chaji inakwisha ndani ya saa mbili, kabla ya kuhesabu flashi zenyewe na printa. Zikiwekwa LED mbili za wati 10, saa hizo hizo tatu zinakula uniti 0.06.

Hesabu hiyo inawafanya wengi waamue haraka kwamba LED ndiyo jibu. Kwa studio yenye taa moja na kazi nyingi za pasipoti, ni kweli, LED inatosha. Joto lake ni dogo, jambo la maana mwezi wa Oktoba chini ya bati, na hata zaidi msimu wa mvua, pale mlango unapofungwa jioni kuzuia kumbikumbi wanaofuata mwanga.

Kwa studio inayopiga picha za maharusi kwa taa mbili au tatu, hali ni tofauti. Hapo taa kuu inaweza kuwa na nguvu mara mbili ya taa ya pembeni, na balbu za mwongozo zinatakiwa kufuata uwiano huo huo ili mpiga picha aone kina cha kivuli. Flashi hupunguza mwanga wa balbu kwa swichi ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya balbu za wati nyingi. LED ya wati 10 ni mzigo mdogo mno kwa swichi hiyo: inapepesa, inakataa kufifia, au inakufa mapema. Hata LED iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inakubali kupunguzwa mwanga huenda isifuate uwiano vizuri. Katika kazi hiyo halojeni bado inashinda, na wati 75 au 100 zinatosha chumba kidogo. Wati 150 zinahitajika pale tu chumba chenyewe kina mwanga mwingi.

Halojeni ina masharti yake. Isishikwe kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi huacha doa linalopata moto kupita sehemu nyingine na kupasua kioo. Itumike karatasi safi au kitambaa. Isizidi wati zilizoandikwa kwenye flashi, hasa ikifunikwa na softiboksi ya kitambaa, ambamo joto halina pa kutokea. Rangi yake pia ni ya manjano, karibu kelvini 3,000, wakati flashi ni kama 5,500. Kamera ikiwa ISO 100, f/8 na 1/125, tofauti hiyo haionekani. Anayepandisha ISO hadi 1600 na kufungua lenzi mpaka f/2.8 ataona umanjano kwenye gauni jeupe la bibi harusi.

Anayeagiza balbu kutoka Dar es Salaam ije kwa basi ampigie muuzaji simu akiwa na ile iliyoungua mkononi. Amtajie aina ya kitako, kama ni cha skrubu cha E27 au cha pini mbili nyembamba, kisha volti na wati. Apime pia urefu kwa milimita, kwa sababu LED nyingi ni nene na ndefu kuliko halojeni, na inayozidi nafasi iliyopo itagusa kuba la kioo linalokinga mrija wa flashi.