Fahamu: Kwa nini kadi ya Nvidia haionekani kwenye seva ya Linux

Kadi ya michoro ipo, lakini programu ya CUDA inadai haioni kitu. Mara nyingi kadi ni nzima. Moduli ya kerneli ndiyo haijapakiwa. Seva nyingi haziendeshi mfumo wa madirisha ambao ungeipakia, na mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuipakia. Hapo ndipo programu ya nvidia-modprobe inapohitajika: hufanya kazi kwa mamlaka ya root, hupakia moduli na kuunda faili za /dev/nvidia0 na /dev/nvidia-uvm. Bila hiyo ya pili, CUDA haianzi. Kuchomeka sudo ndani ya msimbo wako ili kupakia moduli ni hatari, tafadhali usifanye. Secure Boot ikiwa imewashwa, moduli isiyo na sahihi inayotambulika hukataliwa hata kwa root. Kabla ya kusakinisha upya kiendeshi cha kadi, soma ujumbe wa kerneli kwa amri ya dmesg.