Je, Wajua? Kamera na Askari wa Kawaida, Kutoka Nyasa Hadi Kagera

Je, wajua kwamba Vita Kuu ya Kwanza iligusa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, mapema kabisa? Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Wajerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Akaenda kumfokea mshambuliaji, Rhoades, rafiki yake wa kunywa naye. Kisa husimuliwa kwa majina ya manahodha hao wawili. Mabaharia wao hakuna anayewataja.

Je, wajua kwamba ukitoka Namswea, Mbinga, ukashika njia ya kusini na kuvuka mpaka, unaingia Niassa, Msumbiji, ambako miaka mingi baadaye wapiganaji wa ukombozi wa FRELIMO walipigwa picha za filamu wakiwa msituni? Mwingereza Margaret Dickinson aliingia huko mwaka 1970, na filamu yake, Behind the Lines, ikatoka 1971.

Je, wajua kwa nini filamu za vita za zama zile zina safari na mizigo mingi kuliko mapigano? Mkanda wa milimita 16 wenye futi 100 huisha kabla ya dakika 3. Ukiisha, mpiga picha hutafuta kivuli abadili mwingine, na picha haoni mpaka zikasafishwe maabara. Mpiganaji aliyebeba gunia anaweza kuombwa asubiri. Risasi haisubiri mtu.

Je, wajua kwamba A Luta Continua ya mwaka 1972, nayo kuhusu FRELIMO, ilitengenezwa na mwanasheria? Robert Van Lierop wa New York baadaye alikuwa balozi wa Vanuatu katika Umoja wa Mataifa.

Je, wajua kwamba Idi Amin wa Uganda aliigiza vita mbele ya kamera? Katika filamu ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974, askari wake wanajifanya kuiteka Milima ya Golan kutoka kwa Israeli. Vita vya kweli alivianza Oktoba 1978 alipovamia Kagera, Tanzania. Aprili 11, 1979 mji mkuu wake, Kampala, ukaanguka.

Je, wajua kwamba Tanzania ilitoa filamu yake ya rangi, Vita vya Kagera, mwaka 1980? Inasifu ushujaa wa wapiganaji wetu. Habari za njaa, malengelenge na hofu muulize mpiganaji mwenyewe. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amevuka 60, na simu yako inarekodi saa nzima bila kubadili mkanda.