Maziwa, Vigae na Vinasaba: Maingiliano ya Kale Katika Bonde la Ziwa Eyasi

Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, ni mji wa wakulima na wafugaji. Mashariki yake liko bonde la Ziwa Eyasi, ambako Wasukuma, Wataturu na Wahadzabe huishi kwa ujirani. Maingiliano ya jamii mbalimbali katika bonde hilo ni ya kale sana, na athari zake hufika hadi katika chumba cha daktari.

Katika pango la Mumba, karibu na ziwa hilo, wanaakiolojia walifukua vipande vya obsidiani, jiwe la volkano linalofanana na kioo. Uchunguzi wa kemikali ulibaini kuwa baadhi yake vilitoka eneo la Naivasha nchini Kenya, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Jiwe halitembei lenyewe. Lilibebwa na watu, au lilipita mkono kwa mkono.

Ushahidi wa kipindi cha karibu zaidi unatoka Luxmanda, mkoani Manyara, walikoishi wafugaji takriban miaka 3,000 iliyopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima mafuta yaliyoganda ndani ya vigae vya vyungu vya wafugaji wa kale wa Afrika Mashariki, ukagundua dalili za maziwa. Kabla ya hapo, mwaka 2017, vinasaba vya mtoto mchanga aliyezikwa Luxmanda vilionyesha asili mbili: zaidi kidogo ya theluthi moja ilihusiana na jamii za kale za Mashariki ya Kati, na iliyobaki na wawindaji wa Afrika Mashariki. Wageni na wenyeji, basi, walikuwa wamezaliana.

Uhusiano wa habari hizi na tiba unapatikana katika laktesi, kimeng'enya kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Watoto wachanga huwa nacho, lakini kwa watu wengi duniani hupungua baada ya utoto. Wengine wana mabadiliko ya jeni yanayokidumisha hadi ukubwani. Mwaka 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walieleza mabadiliko ya aina hiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, tofauti na yale ya Ulaya. Mwaka 2019, uchunguzi wa mabaki ya watu 41 wa kale wa eneo hili ulimpata mmoja tu mwenye mabadiliko hayo, aliyezikwa katika pango la Gishimangeda, karibu na Ziwa Eyasi, miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Maana yake ni kwamba maziwa yalitumiwa muda mrefu kabla uwezo huo haujaenea.

Hata leo uwezo huo haufuati mipaka ya makabila. Wahadzabe si wafugaji wa jadi, lakini utafiti wa 2007 uliwakuta wengi wao wakimeng'enya laktosi vizuri. Na katika jamii za wafugaji wapo wasioweza. Kwa hiyo mhudumu wa afya asimwambie mgonjwa kwamba maziwa hayawezi kumsumbua kwa kuwa kwao wanafuga. Amuulize kama tumbo hujaa gesi, hunguruma, huuma au huharisha muda mfupi baada ya kunywa maziwa.

Mwenye dalili hizo hana sababu ya kuacha maziwa yote. Wengi huvumilia kiasi kidogo pamoja na chakula, au maziwa ya mgando, kwa kuwa bakteria wa uchachushaji hupunguza laktosi. Maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe. Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya. Damu katika choo, homa, kupungua uzito au kuharisha kusikokoma havielezwi na laktosi; mgonjwa huyo achunguzwe zaidi, awe wa kabila lolote.